Mlango wa Wiki ya Nane

Karurumo, Runyenjes
24 Juni 2024

Njoki,

Nimekupigia simu siku kumi na mbili. Yule mwanamke anayekaa ndani ya simu ananiambia mteja hapatikani. Mteja! Mimi sikulea mteja. Nililea Njoki, mwenye kovu la kuanguka kutoka kwenye mparachichi na kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Basi simu nimeacha. Simu ukikasirika unaizima. Barua huwezi kuizima. Hata ukiichana, utakuwa umeshaisoma.

Anayekuletea hii ni Mbarak, yule mchinjaji wa Meru anayekuja hapa kila Jumatatu kununua mbuzi. Ndiye aliyeniambia umejifungua, ni mvulana, na kwamba alipasuliwa tumbo akiwa na siku mbili. Mbarak! Mtu wa kutazama mbuzi meno ndiye anayenipa habari za kitukuu changu, nami nimesimama hapo na kamba mkononi. Nikamwuliza, "Amepasuliwa kwa nini?" Akaangalia viatu vyake. Akasema, "Nyanya, wanasema mtoto hana njia ya nyuma." Nikamwambia aende zake. Kisha ikabidi nimwite arudi, maana mbuzi wake bado nilikuwa nimemshika mimi.

Sasa niandikie wewe mwenyewe, na usinipake mafuta. Mtoto anatolea wapi choo? Ananyonya? Anatapika? Anatapika rangi gani? Hilo la rangi usilisahau.

Na hili pia. Ulipokuja Krismasi, siku ile ya mbuzi, ulikuwa na mimba? Jibu ndiyo au la. Usizunguke.

Ukiona nimeandika Kiswahili na si lugha yetu, si madaha. Najua mkwe wako Marcella, mama ya Kobia, husoma barua zako kabla yako. Asome vizuri, asije akasema Waembu wanamsengenya kwa Kiembu. Marcella, habari za nyumbani.

Shule sikuingia hata siku moja, unajua. Herufi nilizitoa kwenye kitabu cha nyimbo na magunia ya mbolea. Neno likikushinda, lisome kwa sauti, utanisikia.

Ni mimi cucu wako, mama ya baba yako,
Ciakuthii


Meru
3 Julai 2024

Cucu,

Simu yangu haikuharibika. Niliizima. Kila aliyepiga alikuwa na swali moja, na nikishalijibu ananyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Anaitwa Muthamia, jina la marehemu baba yake Kobia. Alizaliwa tarehe kumi na moja, kilo tatu kasoro kidogo, akalia vizuri. Sista akamgeuza ili amfute. Mkono wake ukasimama. Akamwita mwenzake. Hapo ndipo nilipojua. Mahali penye tundu palikuwa ngozi tupu, laini kama paja. Siku ya pili tumbo lilikuwa limejaa hadi mishipa inaonekana. Ndiyo, alitapika. Kijani. Wakampeleka kwenye chumba cha upasuaji, wakatoa sehemu ya utumbo mkubwa nje, hapa ubavu wa kushoto, na sasa choo kinatokea hapo. Ni kitu chekundu, kama ncha ya ulimi. Wanasema hapamuumi. Mifuko ya kubandika haipatikani kila wiki, kwa hivyo nafunika kwa vitambaa. Nabadilisha mara nane, mara tisa kwa siku. Nafua, naanika, nafua.

Daktari anasema huo haukuwa mwisho. Nimrudishe tarehe 9 Septemba apimwe, kisha wamtengenezee njia yake mahali pake. Ikishapona ndipo wafunge hii ya ubavuni. Asiporudishwa atakua hivi hivi, na siku hii ya ubavuni ikiziba, hakuna nyingine.

Mama ya Kobia hajambeba tangu tutoke wodini. Anamtazama kutoka mlangoni. Mimi ananiuliza kila siku: ulikula nini? Nilimwambia nilikula walichokula wengine. Akauliza tena. Akauliza tena. Siku moja nikachoka, nikasema Krismasi nilikula matumbo kwa cucu. Alipiga makofi mara moja tu. "Si hilo hapo! Mjamzito akila matumbo, mtoto atakosaje kufungika tumbo?" Tangu siku hiyo akina mama wa kanisani wananiangalia kama mtu aliyemwaga maziwa ya watu.

Ndiyo, nilikuwa na mimba. Miezi mitatu na siku kidogo. Niliificha kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kwamba mimba haitangazwi mpaka nguo iitangaze yenyewe. Na ni wewe uliyenipa bakuli lile. Ukaniongezea. Ukasema, "Kula, umekonda."

Sisemi kitu. Nasema tu ni wewe uliyeniongezea.

Njoki


Karurumo
8 Julai 2024

Njoki,

Nimesoma "sisemi kitu" yako. Hiyo ni kusema.

Sasa na mimi niseme. Nimeosha matumbo ya mbuzi tangu nikiwa msichana asiye na matiti. Wanaume huchinja, wakajisifu, wakala figo. Anayemjua mbuzi kwa ndani ni mwanamke aliyepewa beseni. Najua njia ya chakula ilivyojificha nyuma ya njia ya pumzi. Najua tumbo kubwa lenye manyoya kama taulo, na lile dogo lenye kurasa ambalo watu huliita Biblia. Najua utumbo mwembamba ulivyojizungusha, mahali unapoingia mnene, na mahali mavi yanapoanza kuwa vidonge. Nifunge macho, unipe kipande, nitakuambia kwa vidole kimetoka wapi.

Kwa hivyo nakuuliza kama mtu anayejua anachouliza. Binadamu naye yuko hivyo? Ana matumbo mangapi? Na ile njia ya Muthamia: ilifungwa, au haikufunguliwa? Usiniambie ni mamoja. Mlango uliofungwa una mtu aliyeufunga. Mlango ambao haukufunguliwa ni kazi ambayo haikuisha.

Nimeshaona vitoto vya mbuzi vimezaliwa bila njia, viwili, maisha yangu yote. Mbarak ameona zaidi. Nikamwuliza, "Sasa huyo mama mbuzi naye alikula matumbo ya nani?" Alicheka mpaka akakalia gunia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nauliza.

Huko hospitali lazima kuna mtu mmoja mwenye subira. Mtafute. Mwulize: mtoto akiwa tumboni, njia hiyo hutengenezwa lini? Mwezi gani? Wiki gani? Nataka kalenda. Usiniletee "ni mapenzi ya Mungu." Mungu namjua, na hilo hajaniambia.

Marcella, najua umefika hapa. Mtoto ana jina la mume wako na humbebi. Unaogopa nini, mavi? Kobia ulimlea akinya maua?

Ciakuthii, aliyeongeza bakuli


Meru
26 Julai 2024

Cucu,

Nimempata. Ni sista mmoja, Nadhira, ndiye anayetuonyesha jinsi ya kusafisha ule utumbo wa nje. Nilimsomea maswali yako. Alicheka, akasema, "Huyu nyanya amesomea wapi?" Nikamwambia, kwenye beseni. Akafunga mlango, akageuza boksi la glavu, akaanza kuchora nyuma yake.

Anasema mtoto anapoanza ni kitu bapa, tabaka tatu, mfano wa jani. Wiki ya nne jani linajikunja. Kingo za pembeni zinakuja mbele, upande wa kichwa na upande wa mkia unainama, na lile tabaka la ndani linakuwa bomba. Ndilo tumbo lote hilo, Cucu. Bomba moja, limezibwa huku na huku kwa utando. Utando wa mdomoni hupasuka mapema, kama wiki hiyo hiyo. Sehemu ya mbele inatoa njia ya chakula na tumbo (moja tu, hatuna Biblia), na pembeni yake vinachipua ini na kongosho. Sehemu ya kati inarefuka upesi kuliko mtoto mwenyewe, inakosa nafasi, basi inatoka nje! Inaingia ndani ya kitovu, na huko inaanza kujizungusha. Wiki ya kumi inarudishwa ndani, ikamalizia kuzunguka, ikapangwa. Nadhira akasema, "Mimi na wewe tuliwahi kukaa na matumbo nje, ila hakuna aliyetuona." Nikamtazama Muthamia na kile chekundu chake ubavuni. Kwa mara ya kwanza sikuona kioja.

Ya nyuma ndiyo yetu. Mwanzo choo na mkojo vina chumba kimoja. Ukuta unashuka, unakigawanya, mpaka kama wiki ya saba. Halafu ule utando wa nyuma unapasuka, wiki ya nane, na mlango umepatikana. Kwa Muthamia ukuta haukushuka vizuri na mlango haukupatikana. Haikufungwa. Haikufunguliwa. Uliuliza vizuri. Kwa nini haikufunguliwa, anasema hata vitabu havijui sawasawa. Lakini si utumbo wa mbuzi.

Akatoa kalenda ukutani, tukahesabu kurudi nyuma. Wiki ya nane iliisha katikati ya Novemba. Nilikuwa nachuma kahawa, sijui hata kama nina mimba. Mbuzi wako alichinjwa tarehe 26 Desemba. Wiki sita baadaye! Mlango ulikuwa umekwisha kukosekana, na mimi bakuli sijaliona.

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Nikamweleza mama ya Kobia yote, mpaka jani. Alisikiliza hadi mwisho akichambua maharagwe. Akasema, "Hao ni watoto wa vitabu. Nyumba ya Ciakuthii ilete mbuzi, kosa likiriwe mbele ya akina mama, tuombe. Ndipo mtoto apasuliwe tena. Si kabla." Kobia alikuwepo. Alikuwa anafuta kioo cha tuktuk yake. Alikifuta sana.

Cucu, nimechoka kuwa na haki peke yangu.

Njoki


Karurumo
5 Agosti 2024

Njoki,

Una hakika ni wiki ya nane? Rudi kwa huyo Nadhira, mwulize tena. Mwambie hivi: kama mwanamke amekula matumbo mimba ikiwa miezi saba, tumbo linaonekana hata na kipofu, je, haiwezekani? Hata kidogo?

Nijibu hilo tu. Ya mbuzi wa Marcella niachie mimi.

Ciakuthii


Meru
11 Agosti 2024

Cucu,

Miezi saba? Nilikuandikia mitatu. Mitatu! Nimeandika barua kurasa nne, nimekuchorea mtoto kuanzia jani, na wewe unarudi kuniuliza una hakika. Mama ya Kobia naye huuliza una hakika. Nilidhani uko upande wangu.

Nadhira yuko likizo. Hata angekuwepo nisingeuliza. Nimechoka kuulizwa ulikula lini, kana kwamba mimi ni ng'ombe aliyeingia shambani mwa watu.

Na mbuzi "niachie mimi" maana yake nini? Ukimleta umekubali kwamba nilimharibu mtoto. Usipomleta, hapa hapakaliki. Umeona ulivyonisaidia.

Tarehe 9 siendi. Muthamia ananenepa. Anacheka akisikia tuktuk. Choo kinatoka. Nikimpeleka akafia mezani, watasema kafa kwa sababu sikukiri, na wewe utauliza una hakika amekufa. Bora abaki hivi, namwona.

Usiniandikie tena.

Njoki


Karurumo
19 Agosti 2024

Njoki,

Umesema nisiandike. Nimesikia. Naandika.

Marcella, hii si yako. Ukiwa umefungua, funga, umpe mwenyewe.

Njoki, miezi saba si yako. Ni yangu.

Ilikuwa mwaka 1967. Nilikuwa nimeolewa hapa mwaka mmoja. Kulikuwa na sherehe ya ruracio, ya kutoa mahari, watu wamejaa ua wote, mbuzi wanne. Nikapewa beseni kama kawaida. Nilikuwa na njaa, Njoki. Njaa ile ya mimba inayokufanya uone hata udongo ni chakula. Nikakata kipande cha utumbo, kama kidole hivi, nikakitupa kwenye makaa, nikala kikiwa nusu kibichi. Dada ya mama mkwe wangu aliniona. Alitabasamu. Tumbo langu lilikuwa hapa, miezi saba.

Mtoto akazaliwa. Mvulana, mzito, kelele kama ya fisi. Siku ya kwanza alinyonya. Siku ya pili tumbo likakaza kama ngoma. Siku ya tatu akatapika kijani. Ndiyo maana nilikuuliza rangi. Mimi ndiye niliyemgeuza nikaona hapana kitu pale, ngozi laini kama paja. Niliposoma barua yako ukiandika neno hilo hilo, paja, niliiweka chini, nikatoka nje, nikaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Wakati ule sikumwambia mtu. Nilimfunika na kanga, nikafikiri labda nikimfunika vizuri patafunguka. Siku ya nne alifia mikononi mwangu.

Ndipo yule dada ya mama mkwe akasema alichokiona. Nikasimamishwa mbele ya wanawake, nikaambiwa nikiri. Nikakiri. Ningefanya nini, si nilikula? Baba yangu akaleta mbuzi wa kutakasa, akatembea akimvuta kutoka Siakago kwenye jua. Mtoto alikuwa ameshazikwa wiki mbili. Mbuzi aliliwa. Mtoto hakurudi. Jina lake, la baba mkwe wangu, likawekwa, akapewa aliyemfuata, ndiye baba yako. Baba yako alipozaliwa nilimgeuza kabla hajalia.

Tangu siku ile sijaweka utumbo mdomoni. Nimeosha, nimejaza nyama na damu ndani yake kuwa mutura, nimewapakulia ninyi nyote, nikiulizwa nasema meno yangu hayawezi. Meno yangu yanavunja mfupa, Njoki. Hujawahi kujiuliza?

Krismasi nilikupa bakuli kwa sababu hukuniambia una mimba. Ungeniambia ningekunyang'anya. Mbarak aliposema "hana njia," nilijua ni mimi tena, mara ya pili. Nilikufokea kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilitaka kalenda nikuondolee wewe mzigo, halafu kalenda ikaja, ikanikalia mimi mbele ya macho. Wiki ya nane! Wiki yangu ya nane tulikuwa tunapanda mtama, mume wangu mwenyewe hajui. Sherehe ilikuwa bado miezi mitano. Miaka hamsini na saba nimejilaumu kwa kufunga mlango ambao haukufunguliwa. Niliogopa kuamini. Ndiyo maana nilikuuliza una hakika. Sikuwa nakushuku wewe.

Sasa nisikilize, maana hapa nimekasirika. Wangu hakuwa na tarehe tisa. Hakuna aliyenipa kadi na kuniambia mlete Jumatatu. Ningepewa ningetembea kwa magoti hadi Meru. Wewe unayo kadi, iko kwenye sanduku, unaiogopa kwa sababu ya midomo ya watu wanaochambua maharagwe. Ukikaa na huyo mtoto mpaka ubavu uzibe, sitakusamehe. Na kutosamehe nakujua. Nimejifanyia mwenyewe muda mrefu.

Mbuzi sileti. Baba yangu alishaleta.

Cucu wako,
Ciakuthii


Meru
10 Septemba 2024

Kwa Mama Ciakuthii,

Salamu katika jina la Bwana. Mbarak ameniambia huandikiwi na mtu, unaandika mwenyewe. Nami naandika mwenyewe.

Barua yako niliifungua. Umeandika si yangu, halafu ukaniita jina. Mtu akiitwa huitika. Sikumpa Njoki. Ilikaa mfukoni mwa aproni yangu karibu wiki tatu. Siku moja naitoa niitie motoni, naisoma. Kesho yake naitoa niitie motoni, naisoma. Na zake kwako pia nilikuwa nasoma, bora ujue.

Sijakubali kila kitu. Mimba ina miiko yake, na mwanamke kujizuia hakujamwua mtu. Na yale maneno kuhusu Kobia na maua hayafai kutoka kwa mtu wa umri wako.

Lakini kuna mahali hapo kwenye barua niliposhindwa kupita. Ulikiri. Mbuzi akaletwa. Mtoto hakurudi. Mimi nilikuwa nadai hayo hayo mawili, na nilikuwa naona ni dawa.

Jana asubuhi ilikuwa tarehe tisa. Njoki alikuwa anafua vitambaa, kadi hajaitoa. Nikaingia chumbani, nikamchukua Muthamia, nikamfunga mgongoni kwa leso, nikaenda kukaa kwenye tuktuk. Kobia akauliza, "Mama, tunaenda wapi?" Nikamwambia hospitali, na hicho kioo kimeng'aa vya kutosha. Njoki akatoka mbio, miguu mitupu, sabuni hadi viwiko, akidhani namwibia mtoto. "Mama, unampeleka wapi? Nipe mtoto wangu!" Nikamwambia, "Ingia." Alipoingia nikampa barua yako. Alisoma njia nzima.

Mtoto alininyea mgongoni. Yale ya ubavuni, yote, kwenye gauni langu la kanisani. Nakuandikia hilo usije ukaniuliza tena naogopa nini.

Wamempima. Watampasua tarehe 17. Kama unajua kuomba kama unavyojua kutukana, omba.

Marcella,
mama ya Kobia


Meru
20 Januari 2025

Cucu,

Najua umenisubiri. Mbarak alikuwa anakuletea "salamu, wazima," na najua ulimtukana kwa kila salamu. Sikutaka kuandika nusu.

Septemba walimfungulia njia yake. Baada ya wiki mbili wakanipa vyuma vya kupanua, vyembamba kama penseli, kisha vinene kidogo, niviingize kila siku ili njia isikaze. Yeye analia, mimi nalia, mama ya Kobia anamshika miguu akiimba nyimbo za kanisani kwa hasira. Miezi mitatu na zaidi. Mara mbili tarehe ya kufunga ubavu ikasogezwa, mara ya kwanza kwa kikohozi, ya pili hawakutuambia kwa nini, tulikaa kwenye benchi kutwa nzima tukarudishwa. Mama alimwambia yule wa dirishani maneno ambayo nadhani aliyajifunza kwako.

Tarehe 14 wakafunga. Halafu kungoja. Siku ya kwanza hapana kitu. Ya pili hapana. Ya tatu tumbo likaonekana kubwa, nikashindwa kumtazama. Unajua nilikuwa nahesabu nini. Siku ya nne, Jumamosi, saa tano asubuhi, mama alikuwa amempakata. Akaweka mkono chini ya nepi. Akaniambia polepole, "Njoki. Kunanuka huku."

Cucu, amekunya! Mahali pake! Mama alipiga kigelegele, wodi nzima ikageuka, sista akaja mbio kumkanya, akaona, naye akakipokea.

Nadhira amerudi. Nilimwuliza swali lako, kama ulivyoliandika. Miezi saba. Haiwezekani, anasema. Hata kidogo. Nikamweleza ni la nani. Akasema nikuambie pole kwa mtoto wako.

Na mimi pia, Cucu. Pole kwa mtoto wako. Sidhani kuna mtu aliyewahi kukuambia.

Njoki


Karurumo
27 Januari 2025

Njoki,

Hakuna aliyewahi. Umesema kweli.

Barua yako imefika leo ikiwa na alama ya kidole chenye damu, moyo ukaniruka. Kumbe Mbarak hanawi mikono. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika "amekunya" nikamwambia Mbarak yule beberu mweusi hatapanda gari leo, amchinje hapa hapa.

Mguu wa nyuma nimempa amletee Marcella. Mwambie si wa kukiri kitu. Ni nyama, apike.

Beseni nilichukua mimi. Nimeosha polepole, maji matatu, nikiufuata utumbo kwa vidole kutoka juu mpaka chini, mpaka mlangoni. Ulikuwa wazi. Nimekata kipande kama kidole, nikakitia kwenye makaa. Safari hii nimekiacha kikaiva.

Mbarak akauliza, "Nyanya, na meno je?" Nikamwambia yamepona.

Chumvi ilikuwa kidogo. Nimekula nikamaliza, nikalia kiasi, nikafuta pua. Kisha nikajiongezea.

Ciakuthii